Mwali Aliyetoroka Stoo

Iringa, bwenini
Jumapili, 19 Januari 2025

Shangazi Benedicta,

Shikamoo, na kamwene kama tunavyosalimiana nyumbani. Mimi mzima, ila mafua ya kufungua shule yamelishika bweni zima na mimi sikubaki nyuma. Mama nilimwacha Kilolo akiwa mzima. Ni goti la kulia tu linalomsumbua akishuka bondeni. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweusi kama sufuria.

Nakuandikia kwa sababu simu haziruhusiwi hapa, na ile ya ofisini tunapewa dakika tatu Jumapili. Mwalimu Vitus wa baiolojia anaishi Ipogolo. Amekubali kupokea bahasha zako kutoka kwa kondakta wa basi la Mbeya. Barua zote zinazoingia hufunguliwa kwanza na Matroni Devotha, lakini usijali, sisi hatuna siri.

Asante kwa ndoo ya kunasia nondo. Niliitundika tarehe 28 Desemba katikati ya shamba, nikaweka kile kipira chenye harufu ndani ya kifuniko kama ulivyoelekeza kwenye karatasi. Asubuhi ya tatu tulikuta nondo arobaini na mmoja. Mama alishika kiuno, akasema, "Kumbe walikuwa wanalala kwangu wote hawa." Nilimwomba aniangalizie kila asubuhi. Na kwa ajili ya goti lake nilimwambia asijisumbue tena kupita mstari kwa mstari kukagua majani, kwa kuwa ndoo itawamaliza viwavijeshi kabla hawajazaliwa. Shangazi, sijawahi kumfundisha mama kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Sasa nataka kufanya projekti ya sayansi juu ya nondo hawa. Nimewatazama wa kwenye ndoo kwa lenzi na wote ni madume. Je, majike ni wachache? Ninawapataje? Mwalimu Vitus anasema nikuulize wewe, maana wewe ndiye unayewafuga huko Uyole.

Je, Pasaka utakuja Kilolo? Tangu arobaini ya baba hujakanyaga kwetu, na huu ni mwaka wa tatu. Nikimtajia mama jina lako husema, "Mwandikie wewe," halafu anaendelea kupepeta.

Ni mimi binti yako,
Bertha Kikoti, Kidato cha Tatu B


Uyole, Mbeya
4 Februari 2025

Mwanangu Bertha,

Marahaba, na kamwene sana. Huku mvua haijatuacha wiki nzima. Malori ya viazi yamekwama kandokando ya barabara na madereva wanalala sokoni. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi, tunafuga nondo zaidi ya elfu mbili na wanakula kuliko mapadre wa parokia yetu.

Nimefurahi kwamba mwandiko wako umetulia. Baba yako alikuwa na mwandiko huo huo.

Majike si wachache. Hawaji kwenye ndoo, basi. Kile kipira kina harufu iliyotengenezwa kuiga harufu ya jike anayeita madume, na jike haifuati. Ukitaka kumwelewa jike, umfuge. Hapa maabara tuna maneno yetu mawili. Jike ambaye hajakutana na dume tunamwita mwali, na aliyekwisha kukutana naye tunamwita mama. Uyatumie na wewe, yatakupunguzia maelezo.

Mwali hapatikani kwa kumkamata akiruka, maana hujui ametoka wapi. Chimba chini ya mashina ya mahindi ya shule, kina cha vidole vitatu au vinne, utapata pupa, vile vifuko vya rangi ya kahawia ambamo kiwavi hugeuka nondo. Zitazame ncha ya tumbo kwa lenzi. Kwa dume tundu dogo liko karibu na mwisho, kwa jike liko mbali zaidi. Weka kila pupa kwenye chupa yake, peke yake, kabla haijafunguka. Ukichelewa usiku mmoja tu, huna mwali tena.

Hao ni wadudu wa usiku na wewe usiku unatakiwa ulale. Kwa hiyo wageuzie usiku na mchana. Chukua boksi kubwa, lifunike kwa kitambaa cheusi kuanzia saa sita mchana. Usiku wawashie taa ya sola humo ndani mpaka asubuhi. Baada ya siku tatu nne wataamini kwamba saa tisa alasiri ni usiku wa manane. Uwachungulie kwa tochi iliyofungwa karatasi nyekundu ya zawadi, rangi hiyo haiwasumbui sana. Wape pamba yenye maji ya asali.

Kuhusu ndoo ya mama yako, tutaongea.

Pasaka sijui. Zamu zetu hazijapangwa.

Shangazi yako,
Benedicta


Iringa
Jumapili, 23 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Huku tumeanza kulala na masweta. Mafua yamepona. Nimeongea na mama kwa dakika zangu tatu. Nilimuuliza mahindi yanaendeleaje, akasema, "Yapo." Nikamuuliza ndoo je, akasema, "Ndoo nayo ipo." Halafu akaniuliza kama nakula vizuri. Kwa kawaida mama akiulizwa mahindi, dakika zote tatu zinaisha.

Nina mengi ya kukueleza. Nilipata pupa kumi na moja. Nne zilikuwa na ukungu, na saba zilifunguka: madume wanne na wali watatu. Mwalimu Vitus alinipa kona ya stoo ya maabara na funguo. Usiku wangu unaanza saa sita mchana, na baada ya vipindi nachukua tochi nyekundu nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mwali hukaa kimya mpaka kama saa tisa. Kisha anapanda juu ya kijiti, anainua ncha ya mkia, na kitu kama ulimi mdogo kinatokeza na kurudi. Huko ndiko kuita, sivyo? Hakuna sauti yoyote, lakini madume walio kwenye chupa ya pili wanaanza kugonga kioo. Nywele zilinisimama.

Siku ya pili niliingiza dume kwa mwali wa kwanza. Walikaa pamoja kama dakika hamsini. Kesho yake nilikuja saa ile ile na tochi yangu, na Shangazi, sikumkuta yule ninayemjua. Hakupanda kijiti. Hakuinua mkia hata mara moja. Alikuwa anatembea huku na huku, anagusa kitambaa kwa tumbo, kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. Nilimwingiza dume mwingine, akampiga kwa mguu na kwenda kujibana kwenye kona. Madume wa chupa ya pili, waliokuwa wanagonga kioo jana, walilala. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa ametaga fungu la mayai, na juu yake amelifunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe. Tumbo limebaki na upara.

Nimekaa na jambo hili siku nzima kanisani. Ni jike yule yule, chupa ile ile, asali ile ile. Nani amemwambia aache kuita? Yeye anajua kwamba amebadilika?

Kuna jambo baya pia. Mwali mmoja ametoroka. Nilifungua boksi haraka, akapita kwenye tundu la dirisha la stoo. Sijamwambia mtu, hata Mwalimu Vitus. Nimebakiwa na mmoja. Unasemaje?

Binti yako,
Bertha

N.B. Uliandika kwamba kuhusu ndoo ya mama tutaongea. Tutaongea lini?


Uyole
28 Februari 2025

Mwanangu,

Kamwene. Huku ukungu haujainuka tangu juzi. Hatujambo.

Mwali aliyetoroka usimtafute. Huko nje madume hawakosekani, na mpaka unasoma barua hii ameshakuwa mama. Usione haya kumwambia mwalimu, mambo haya hutokea hata kwetu, mwezi uliopita walitutoroka sita usiku mmoja. Huyo aliyebaki mfungie vizuri. Asionane na dume hata mmoja, mpaka afe hivyo hivyo. Utamwona anaita kila usiku bila kujibiwa, na utamhurumia. Usimhurumie. Huyo ndiye atakayekuonyesha tofauti, na bila yeye ulichokiona kwa mwenzake hakithibitishi kitu.

Sasa maswali yako. Dume anapokutana na jike humwachia kifuko kidogo chenye mbegu, na pamoja na mbegu kuna majimaji. Yale majimaji ndiyo yanayopeleka habari mwilini. Tezi iliyokuwa inatengeneza harufu inaambiwa ipumzike, mayai yanaambiwa yakomae haraka, miguu inaambiwa itafute jani. Tukimpasua jike chini ya hadubini tunahesabu vile vifuko na kujua amekutana na madume mara ngapi. Wengine huanza tena kuita usiku wa pili au wa tatu, kwa hiyo usiandike kwamba huacha kabisa. Andika ulichokiona. Kama anajua kwamba amebadilika, hilo hatuna chombo cha kulipimia.

Geuza ukurasa, kuna la muhimu.

Bertha, ndoo haimalizi viwavi. Ningekwambia kwenye barua ya kwanza, nikaahirisha. Ndoo inakamata madume tu, na dume mmoja anayebaki anatosha majike kadhaa. Wengi wa majike wanaoingia shambani mwenu wanafika wakiwa tayari mama. Mama haiti, haifuati harufu, haji kwenye ndoo. Anaingia kimya, anataga. Ndoo ni ya kukupa habari tu: ukiona madume wameongezeka, ujue siku chache mbele kutakuwa na mayai, ndipo uingie shambani uyatafute kwenye majani na kuyaponda kwa vidole kabla hayajaanguliwa. Kumwambia mama yako asikague majani ilikuwa kinyume kabisa. Kosa si lako. Mimi ndiye niliyetuma ndoo na karatasi yenye mistari minne.

Mwambie mama yako aingie shambani leo, si kesho. Aanzie bondeni, kama bado anapanda kule kwa kuchelewa. Mahindi machanga ndiyo wanayoyapenda.

Shangazi yako,
Benedicta


Iringa
Jumapili, 23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 28 Februari nimeisoma juzi, Ijumaa tarehe 21. Nitakueleza ilikuwa wapi.

Kwa wiki tatu niliamini kwamba umenichoka. Pia niliona mambo ya ajabu bwenini. Matroni Devotha alianza kutuhesabu mara nne kwa siku. Alituhesabu kabla ya kula na baada ya kula. Tulikuwa mia mbili na kumi na wawili kila mara, na kila mara alikunja uso kama mtu aliyepewa jibu la uongo. Wenzangu walianza kusema kuna mwizi. Alifika hata mlango wa stoo, akachungulia, akaona boksi lenye kitambaa cheusi na taa inayowaka ndani, akarudi nyuma akifanya ishara ya msalaba.

Ijumaa niliitwa ofisini kwa Mkuu wa Shule. Matroni alikuwa amekaa na bahasha yako mapajani.

"Bertha," akasema, "mwali ni nani?"

"Ni nondo, Matroni."

"Nondo ni jina la utani la nani?"

"Si la mtu, Matroni. Ni nondo."

"Unamficha." Akamgeukia Mkuu. "Madamu, mimi nimesoma kwa macho yangu. Mwali ametoroka, huko nje madume hawakosekani, ameshakuwa mama. Na shangazi mtu mzima anamwambia asimtafute. Mwingine wamfungie mpaka afe. Wiki tatu natafuta ni mtoto wa nani."

Mkuu akaichukua barua, akaisoma. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hapa unasema wali watatu. Ni wali huu wa kula?" kwa sababu Matroni alikuwa amepekua sanduku langu na kuleta daftari la projekti pia. Nikasema hapana Madamu, wali tunaula Krismasi na Pasaka tu. Aliuma mdomo. Akatuma aitwe Mwalimu Vitus. Alipokwisha kuelezwa, mwalimu aligeuka akatazama ramani ya Tanzania ukutani kwa muda mrefu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tulikwenda wote stoo. Nikafunua kitambaa. Ilikuwa saa tisa na nusu, usiku wa manane wa boksi langu, na yule mwali wa mwisho alikuwa juu ya kijiti ameinua mkia. Matroni aliinama akamtazama kwa tochi nyekundu. Baadaye akasema taratibu, "Maskini, na hawa wa hapa wanasikia?" Nikamwonyesha madume wanavyogonga kioo. Akasema, "Ile barua ya mwanzo niliipitisha bila kuisoma, na hii nilisoma mwanzo wa ukurasa wa kwanza tu. Moyo ulinipasuka nikashindwa kuendelea, sembuse kugeuza." Ananiita binti wa nondo sasa, na asubuhi ananiulizia mwali ameamkaje.

Ningecheka na mimi. Lakini waliponipa barua, niliugeuza ule ukurasa.

Shangazi, wiki tatu. Niliomba simu pale pale, namba ya mama haipatikani. Nimejaribu jana na leo, haipatikani. Huwa inazima mpaka apande kwenda kuchaji kwa kina Obeid, majirani wenye sola. Hayo mahindi ndiyo chakula chetu mpaka mwaka ujao, na mimi ndiye niliyemwambia akae nyumbani. Sasa naelewa kwa nini alisema "yapo" tu.

Nisamehe kwa ninalouliza, nimelala nalo siku mbili. Wewe namba ya mama unayo. Unayo tangu zamani. Kwa nini hukumpigia, ukaandika kwangu mimi niliye bweni, ambaye barua zangu zinafunguliwa?

Bertha


Kilolo, nyumbani kwenu
Jumapili, 30 Machi 2025

Mwanangu Bertha,

Barua yako niliipata Jumatano. Alhamisi niliomba ruhusa kazini, Ijumaa nikapanda basi. Naandika nikiwa jikoni kwenu, mama yako amelala, na mbuzi mweusi anatafuna kona ya karatasi hii.

Umeniuliza, nakujibu. Baba yako alipokufa, siku ya mazishi, mbele ya watu, nilimwambia mama yako kwamba kama angemfikisha hospitali mapema ningekuwa bado nina kaka. Halikuwa kweli. Niliambiwa baadaye kwamba kumfikisha wiki nzima kabla kusingebadilisha kitu. Nililijua hilo miaka mitatu na sikurudi kulisema. Kila nilipoishika simu nilijiambia nitapiga kesho. Wewe ukawa njia yangu. Nikatuma ndoo nikidhani inatosha kunisemea, na ilipotakiwa kupiga simu moja ya dakika mbili kuokoa mahindi, nikaandika barua.

Nilimkuta mama yako uani anachambua maharage. Hakuinuka.

"Wifi," akasema, "umekuja kuhesabu mahindi au kuhesabu makosa?"

Nikamwambia, "Nimekuja kuponda mayai ya nondo."

"Peke yako huwezi. Una vidole vya ofisini."

"Basi nifundishe."

Akaniangalia, akanyoosha goti, akasema, "Badili viatu."

Bertha, mama yako hakukaa nyumbani kama ulivyomwambia. Ulipoondoka tarehe 5 Januari, tarehe 9 alikuwa shambani. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia kwamba ndoo hailindi. Akasema, "Mtoto alinieleza kwa furaha, mara ya kwanza anafurahi tangu baba yake. Nimwambie nini?" Ameponda mayai ya shamba la juu mstari kwa mstari, miezi karibu mitatu. La juu liko vizuri, mabua yamenipita kichwa na mengi yameanza kubeba. La bondeni hakuweza kulifikia kwa sababu ya goti, labda mara moja kwa wiki. Huko zaidi ya nusu imekwenda. Majani yamebaki kama nyavu na mioyo ya mahindi imejaa vumbi la viwavi. Sikufichi. Wiki zile tatu zingesaidia.

Jana tulishuka wote wawili, yeye anaegemea bega langu. Anayaona mayai kabla yangu, mimi mwenye cheti. Aliniita, "Wifi, njoo uone huyu, amevua nguo yake amewafunika wanawe." Ni yale manyoya uliyoniandikia. Kisha akayaponda kwa kidole gumba, akasema, "Pole mama mwenzangu," akaenda shina linalofuata.

La hospitali nimemwambia pale bondeni. Akageuza jani lililofuata. Baada ya mistari miwili hivi akasema mvua ikinyesha nilale, nisiondoke leo. Basi nimelala, na leo tena nalala.

Simu yake ilikuwa imeingia maji, tumeiweka kwenye unga. Ndoo amekataa kuitoa. Anasema ni ya Bertha, na ana kazi nayo. Hakutaka kunionyesha kazi gani.

Shangazi yako,
Benedicta


Iringa
Jumapili, 27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na kamwene. Nimerudi shule juzi. Mama mzima. Goti limepungua maumivu tangu umtumie ile dawa ya kuchua, ingawa anasema inanuka kama injini ya lori. Wale mbuzi mapacha wamekua, mweusi anapanda juu ya meza. Wali wa Pasaka tuliula, na Mwalimu Vitus amewaambia darasa zima kwamba Bertha amekula projekti yake.

Mwali wangu wa mwisho alikufa tarehe 24 Machi; Mwalimu Vitus anasema baridi ya stoo ilimwongezea siku. Aliita mpaka siku ya mwisho niliyomwona. Alitaga machache tu, ovyo ovyo kwenye kitambaa, na manyoya juu yake yalikuwa kidogo sana. Niliyangoja siku kumi, hayakuanguliwa. Sijaandika kwamba wali wote hufanya hivyo, maana nilikuwa naye mmoja. Nimeandika nilichokiona. Matroni Devotha alikuja kumtazama alipokufa, akasema tumzike, nikamwambia ni wa kuhifadhiwa, sasa yuko kwenye chupa ya spiriti.

Mama alinionyesha ile kazi. Jumatatu ya Pasaka aliniita chumbani, akatoa chini ya kitanda kamba ndefu ya mkonge iliyoviringwa kwenye gunzi. Nilikwambia Januari kwamba nilimwomba aniangalizie ndoo kila asubuhi, na mimi baadaye nikasahau. Yeye hakusahau. Kila siku amepiga fundo moja, kama makumi ya rozari. Baada ya fundo ametunga punje za mahindi, punje moja kwa kila madume watano waliokuwa ndooni. Alikuwa anaziloweka kwanza ndipo zitoboke kwa sindano. Na pale alipoponda fungu la mayai ametunga harage jekundu.

"Nilidhani utataka kujua," akasema.

Shangazi, niliipitisha vidoleni kutoka mwanzo. Mwisho wa Januari punje zinakuwa nyingi mpaka zinagusana, fundo baada ya fundo. Kisha, siku tatu au nne mbele, maharage yanaanza. Halafu punje zinapungua, maharage yanapungua. Mwisho wa Februari zinakuja tena, na maharage yanazifuata tena, vile vile. Ndilo lile uliloniandikia kwenye ukurasa wa pili, na mama alikuwa analo chini ya kitanda wakati barua yako iko kwa Matroni. Nilimuuliza kama alijua. Akasema, "Nilijua kwamba wakija wengi, keshokutwa nisiende sokoni."

Kuna mafundo ya Machi ambayo hayana harage hata moja, siku sita mfululizo, na punje zimejaa. Ni siku ambazo goti lilimlaza. Hajanieleza, nami sikuuliza. Nilizihesabu tu.

Mwalimu Vitus ameniruhusu kuipeleka ile kamba kwenye maonyesho ya kanda mwezi wa sita, iwe ndiyo jedwali langu. Nitaitandaza ukutani kama ilivyo. Nimeandika kibao: Imekusanywa na Roza Kikoti, mkulima, Kilolo. Mama aliposikia alisema nisimtie aibu. Kesho yake akauliza maonyesho ni tarehe ngapi.

Jambo moja sikumwelewa, nikamuuliza. Kuanzia fundo la tarehe 29 Machi, maharage ni ya rangi mbili. Kuna mekundu kama siku zote, na kuna ya njano. Siku ya kwanza ni mekundu tisa na ya njano mawili. Siku ya pili mekundu saba, ya njano matano. Siku ya tatu yako sawa.

Mama aliishika kamba pale kwenye maharage ya njano, akaisugua kidogo kwa kidole gumba.

"Hayo ni ya wifi," akasema. "Mwandikie, mwambie nimeacha nafasi kwenye kamba."

Binti yenu,
Bertha